Nasaha kwa Anayeazimia Kuwa Mwakilishi wa Wadi

Kila uchaguzi mkuu wa Kenya ukaribiapo, wasomaji wetu hutuuliza swali lile lile kwa namna nyingi: mwalimu aliyestaafu, mama aliyeongoza chama cha akiba kwa miaka mingi, kijana ambaye rafiki zake wamemsifu kwa ulimi wake mzuri, wote hutaka kujua wafanyeje hata waingie katika Bunge la Kaunti, na wakiisha kuingia waishi vipi humo bila ya kufilisika wala kufedheheka. Maadam Katiba imeuweka uchaguzi ujao Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027, na maadam anayechelewa kujiandaa aghalabu hulipa kwa fedha kile alichokosa kukilipa kwa wakati, tumeona heri tuyakusanye majibu yetu mahali pamoja.

Rai yetu yote yaweza kufupishwa hivi: kiti cha Mwakilishi wa Wadi, ambacho barazani na sokoni huitwa kiti cha MCA, ni kiti cha kutunga sheria, kupima bajeti na kukagua serikali, wala si kiti cha kugawa. Anayekiomba kwa ahadi ya kugawa atakitumikia kwa mfuko wake mwenyewe mpaka utoboke; na anayekielewa kabla ya kukiomba ataweza kuipigania wadi yake ipate barabara, maji na zahanati kwa fedha za umma, kwa njia ya halali, bila ya kuwiwa deni na mtu.

Kiti chenyewe ni kiti gani?

Katiba ya mwaka 2010 ilianzisha kaunti 47, na tangu uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 kila kaunti ina bunge lake. Wadi zote za nchi ni 1,450; Nairobi ina 85, Mombasa 30, na Lamu 10 tu, hata mjumbe wa Lamu hukaa katika bunge dogo ambamo kura moja ina uzito mkubwa, ilhali yule wa Nairobi hana budi kutafuta wenzi wengi kabla ya hoja yake kusikilizwa.

Usikidhanie kiti hiki kuwa ni kile cha diwani wa zamani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 9, imetaja bayana dhima ya mjumbe: awe karibu na watu wake na kutaka shauri lao juu ya mambo yaliyo mbele ya bunge, ayafikishe maoni yao, na ahudhurie vikao vya bunge na vya kamati. Kifungu hicho hicho kinamkataza asijiingize katika kazi za utendaji wala kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wa kaunti. Kwa hivyo mjumbe anayesimama barabarani kumwelekeza dereva wa greda pa kumwaga changarawe, hata watu wakimpigia vigelegele, amevuka mpaka wake.

Kadhalika, jifunze tangu leo kutenganisha mambo ya kaunti na ya serikali kuu:

- Ya kaunti: zahanati na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, masoko, maji na usafi, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, kilimo, na leseni za biashara.
- Ya serikali kuu: polisi, shule za msingi na za sekondari, barabara kuu za taifa, vitambulisho na pasipoti.

Mgombea anayeahidi kujenga kituo cha polisi ameahidi kitu kisichomo mkononi mwa bunge analoliomba.

Je, sheria inakuruhusu kugombea?

Kabla ya kutoa hata senti moja kwa mabango, jipime kwa mambo haya:

1. Uwe mpiga kura aliyesajiliwa, na uwe raia kwa angalau miaka kumi kabla ya uchaguzi.
2. Usiwe muflisi ambaye hajaachiliwa na mahakama, wala mtu anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, wala aliyepatikana kuwa ametumia vibaya ofisi ya umma au kuvunja Sura ya Sita ya Katiba, inayohusu uongozi na uadilifu.
3. Kama u mtumishi wa umma, sheria ya uchaguzi inakutaka ujiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura, yaani mapema Februari 2027. Andika barua, ipokewe, na nakala yenye muhuri uiweke.
4. Kuhusu elimu, sharti la shahada ya chuo kikuu halikutumika kwa wagombea wa wadi mwaka 2022, baada ya Mahakama Kuu kulibatilisha. Hata hivyo sheria hubadilika, basi soma tangazo rasmi la Tume ya Uchaguzi la mwaka huo, wala usitegemee maneno ya mkahawani.
5. Andaa ada ya Tume. Mwaka 2022 ilikuwa shilingi 5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Utauliza: ikiwa ada yenyewe ni ndogo hivyo, mbona watu huuza mashamba? Huko tutafika.

Chama, au mgombea huru?

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa humsikiliza mpiga debe kabla ya kuisoma sheria. Chama kikubwa katika eneo lako hukupa jina na rangi ambazo watu wamekwisha kuzipenda, lakini mchujo wake waweza kuwa mkali kuliko uchaguzi wenyewe, na ada yake yaweza kuzidi ile ya Tume mara nyingi. Mgombea huru hana wa kumnyang'anya cheti cha uteuzi, lakini hubeba mzigo wote peke yake.

Anayechagua njia ya uhuru na azingatie haya:

- Sharti asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kura.
- Sharti aungwe mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi ile ile. Akusanye zaidi ya hao, kwani baadhi ya majina hayakosi kukataliwa.
- Akague mapema, kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa, kama jina lake limo katika orodha ya chama. Wakenya wengi wamegundua kuwa wameandikishwa katika vyama wasivyovijua, na anayegundua hilo siku ya kuwasilisha karatasi amekwisha kuchelewa.

Msiwaamini wanaosema kwamba mgombea huru hana mbele wala nyuma. Bi Cynthia Muge alishinda wadi ya Kilibwoni, kaunti ya Nandi, mwaka 2017 akiwa mgombea huru, na mwaka 2022 akachaguliwa kuwa Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti hiyo.

Iko pia njia ya tatu, ya uteuzi wa chama, kwa kuwa Katiba inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe, na inataka makundi yaliyotengwa, wakiwemo vijana na watu wenye ulemavu, yawe na nafasi. Njia hii ni ya halali na ina heshima zake. Lakini mjumbe mteule hana wadi yake mwenyewe, na akitaka kurudi kwa kura hana budi kuichagua wadi mapema na kuitumikia kana kwamba amekwisha kuahidiwa.

Fedha: mahali ambapo nyumba nyingi zimebomokea

Tunajua hoja yenu: mpiga kura wa leo hamsikilizi mtu mkono mtupu. Sisi hatusemi kwamba kampeni haina gharama; twasema kwamba gharama zake za halali zinajulikana na zinahesabika, ilhali zile za kugawa hazina mwisho. Kununua kura ya mtu kwa fedha, unga au pombe ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016, na fauka ya hayo ni biashara mbovu, kwani aliyepokea kwako asubuhi atapokea kwa mwenzio jioni, na hapana mahakama itakayokurudishia.

Fanya hivi badala yake:

1. Andika jumla ya fedha unazoweza kuzipoteza bila ya watoto kutoka shuleni wala nyumba kuingia rehani. Hiyo ndiyo bajeti yako. Usiiongeze katika wiki ya mwisho, maana wiki hiyo ndiyo ya wazimu.
2. Tenga kwanza fedha za mawakala, kisha usafiri, kisha mikutano, na mabango yawe ya mwisho.
3. Mweke mtu mmoja mwaminifu ashike daftari, na asiwe ndugu anayeogopa kukukatalia.
4. Msaada wa mfanyabiashara anayezabuni kazi za kaunti ukatae kwa adabu. Huyo hakupendi, anakopesha.

Miezi ya kutembea

Anza kutembea angalau mwaka mmoja kabla ya kura, na usianze kwa hotuba. Enenda penye maji, penye zahanati, penye soko, kwenye mazishi na harusi, kwenye baraza la wazee na kwenye kikao cha vijana, ukaulize kisha usikilize. Na kila kijiji kiwe na ukurasa wake katika daftari lako, uandike tatizo, tangu lini, na nani amekwisha kulishughulikia. Daftari hilo ndilo litakalokuwa ajenda yako bungeni, na ndilo litakalokulinda usitoe ahadi ya jumla isiyoshikika.

Mkubwa akikuuliza, "Mwanangu, utatuletea nini?", usitaje kitu usichokuwa na mamlaka nacho. Mwambie: "Mzee, nitaidai barabara hii iingie katika mpango wa mwaka, na ikiondolewa nitarudi kuwaambia ni nani aliyeiondoa." Huenda jibu hilo lisipigiwe makofi siku ile, lakini hukumbukwa, kwa sababu ni jibu linaloweza kupimwa.

Siku ya kura na siku zinazofuata

- Kila kituo kiwe na wakala wako, mwenye chakula, mwenye simu iliyojaa chaji, na aliyefundishwa kuisoma Fomu 36A, ambamo huandikwa matokeo ya kura za wadi kituoni.
- Asiondoke bila ya nakala au picha ya fomu iliyotiwa sahihi. Malalamiko yasiyo na fomu ni kelele tu.
- Ukiona umedhulumiwa, kesi ya wadi hufunguliwa katika mahakama ya hakimu iliyoteuliwa kwa kazi hiyo, ndani ya siku 28 tangu kutangazwa matokeo. Siku ya 29 haina rehema.
- Ukishindwa kwa haki, mpigie aliyeshinda simu siku ile ile. Wadi ni ndogo, na mtakutana tena msikitini, kanisani au sokoni.

Ukiisha kuapishwa

Mjumbe mpya huvutiwa na gari, na suti, na jina la "Mheshimiwa", hata miezi sita ikapita kabla hajazifungua Kanuni za Kudumu za bunge. Usiwe huyo. Katika siku za mwanzo fanya mambo haya kwa utaratibu:

1. Zisome Kanuni za Kudumu kwa kalamu mkononi, hasa sehemu za maswali, taarifa, hoja na maombi ya raia. Asiyezijua hunyamazishwa na anayezijua.
2. Mwendee Karani wa Bunge na watumishi wake kwa heshima. Wao hubaki wajumbe wakiondoka, na wanajua mswada huandikwaje na hukwama wapi.
3. Chagua kamati kwa manufaa ya wadi, si kwa wingi wa posho za safari. Kwa wadi ya wakulima, tafuta kamati ya kilimo. Na kamati ya bajeti ukiipata, usiiache.
4. Hudhuria. Katiba yasema kwamba mjumbe asiyefika katika vikao vinane bila ya ruhusa ya maandishi ya Spika, na asiyekuwa na udhuru wa kuridhisha, hupoteza kiti chake.
5. Sema machache yaliyofanyiwa utafiti, yaingie katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za bunge, kisha uyafuatilie.

Kuhusu kutunga sheria, usikimbilie mswada mkubwa ili utajwe redioni. Chukua jambo moja lililo wazi na lililo katika mamlaka ya kaunti, kama vile ada za wachuuzi sokoni au usimamizi wa visima, lipeleke kwa watu, kwani Katiba inalitaka bunge liwashirikishe wananchi na mahakama zimekwisha kubatilisha sheria zilizopuuza sharti hilo. Kisha ujue ya kuwa mswada ukipita, gavana ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha pamoja na sababu zake.

Kalenda ambayo huna budi kukaa nayo

Laiti tungeruhusiwa kukupa ukurasa mmoja tu wa makala haya, tungekupa huu. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini kufikia siku hiyo mambo yamekwisha kuamuliwa. Na mjumbe anayeanza kuidai barabara mwezi wa Juni anafanana na mgeni aliyefika karamuni sufuria zikioshwa.

- Kufikia 1 Septemba: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa bungeni. Mradi usiokuwemo humu ni vigumu kuupata mbele.
- Kufikia 28 Februari: Waraka wa Mkakati wa Fedha hufika bungeni, na bunge lina siku 14 tu za kuuzingatia. Hapa ndipo kila idara huwekewa kikomo chake.
- Kufikia 30 Aprili: Makadirio ya matumizi huletwa. Yasome mstari kwa mstari, utafute jina la wadi yako.
- Kufikia 30 Juni: Sheria ya kuidhinisha matumizi hupitishwa.

Juu ya hayo yote upo Mpango Unganifu wa Maendeleo wa Kaunti, wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kwa hiyo anayeingia Agosti 2027 atakutana na mpango mpya mlangoni, na yule mwenye daftari la vijiji tayari atakuwa mbele ya wenzake. Fahamu pia kwamba sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti, kwa hesabu ya miaka kadhaa, iende kwenye maendeleo. Uliza kila mwaka kama imekwenda, na si kama imeandikwa tu.

Kumkagua gavana

Wengi wenu mmetuuliza: je, nikimpinga gavana, wadi yangu haitanyimwa miradi? Hofu hiyo haikosi msingi, lakini dawa yake si kunyamaza. Mjumbe anayenyamaza hupata mradi kwa hisani, na kilichotolewa kwa hisani huweza kuondolewa kwa hasira. Ilhali mradi uliomo katika sheria ya matumizi una pa kushikwa. Kagua kwa nyaraka: ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, za Msimamizi wa Bajeti, na mikataba ya wakandarasi. Uliza kwa maandishi, na utaje ukurasa.

Amma kumwondoa gavana, hiyo ni silaha ya mwisho. Hoja yake sharti iungwe mkono na theluthi moja ya wajumbe wote ili iletwe, na theluthi mbili ili ipite, kisha Seneti ndiyo huamua. Mwaka 2014 Bunge la Embu lilimwondoa Gavana Martin Wambora, lakini mahakama zikamrudisha, na mwaka 2017 akachaguliwa tena. Ilhali kule Kiambu na Nairobi mwaka 2020 magavana Ferdinand Waititu na Mike Sonko waliondolewa na hawakurudi. Tofauti hiyo yatosha kukufundisha uhakikishe utaratibu na ushahidi kabla ya kuinua mkono.

Mlango wako na watu wake

Kila alfajiri watakuja: wa karo, wa hospitali, wa sanduku la maiti. Si haki kuwafukuza, wala si busara kuwapa wote.

- Weka ofisi ya wadi yenye siku zinazojulikana, na daftari la kila aliyekuja na alichoambiwa.
- Wa basari mpeleke kwenye fomu na kamati. Usilipe jina lake upendeleo.
- Kwa misiba na magonjwa weka kiwango cha mwezi kutoka katika mshahara wako, na kikiisha useme kimeisha.
- Itisha baraza la hadhara angalau kila baada ya miezi mitatu, ueleze umeuliza nini, umejibiwa nini, na nini kimekataliwa.

Huduma hizi zisikusahaulishe mpaka wa kazi yako. Mwezi Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria ya hazina ya maeneo bunge ya mwaka 2013, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa ni kuwachanganya watunga sheria katika kazi za utendaji. Mjumbe wa wadi na azingatie.

Makosa yanayowaangusha wengi

- Kuchukua mkopo mkubwa wa gari na nyumba mwaka wa kwanza, kana kwamba miaka mitano ni thelathini.
- Kuzabuni kazi za kaunti kwa jina la mke, mume au shemeji.
- Kusafiri kwa mafunzo hata wadi ikausahau uso wako.
- Kukihama chama kwa hasira, ilhali kukiacha chama kilichokuleta huweza kukugharimu kiti.
- Kudhani kwamba huwezi kuguswa mpaka uchaguzi. Sheria inaruhusu wapiga kura kuanzisha mchakato wa kukurudisha nyumbani baada ya miezi 24 tangu uchaguzi, isipokuwa katika miezi 12 ya mwisho.

Na baada ya miaka mitano?

Katiba haikuweka kikomo cha vipindi kwa mjumbe wa wadi, lakini wapiga kura wameweka chao, na katika kila uchaguzi wengi hawarudi. Basi ingia ukijua kwamba kazi hii ni ya mkataba usio na dhamana: usiifunge biashara uliyoijenga bila ya kumwachia mtu wa kuiendesha, weka akiba kuanzia mshahara wa kwanza, na usiupoteze ujuzi wako wa awali. Wako waliopanda kutoka mabunge haya; Bi Susan Kihika alikuwa Spika wa Bunge la Kaunti ya Nakuru kuanzia 2013, akawa seneta 2017, na gavana 2022. Lakini usikigombee kiti hiki kwa ajili ya ngazi hiyo, maana aliye na macho juu hukanyaga vibaya chini.

Ukiwa bado unasita, tunakupa mtihani usiogharimu chochote. Mwezi huu nenda kaketi siku moja katika jukwaa la wageni la Bunge la Kaunti yako, kwani vikao ni vya hadhara. Kisha omba nakala ya Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, uisome yote, na uitafute wadi yako ndani yake. Ukirudi nyumbani una maswali zaidi ya hasira, na una hamu ya kurudi juma lijalo, gombea. Ukirudi ukiwa umechoka na kurasa zile, basi uhisani wako ni mwema na watu wanauhitaji, lakini uufanye ukiwa raia.